UZI: Mankozebu kwenye zabibu za Dodoma, inavuruga homoni kweli au tunaisingizia?

#1 MzabibuHombolo
Wakuu, mbukwenyi. Dawa ya ukungu ya unga wa manjano, mankozebu, ndiyo inayobeba msimu wa mvua kuanzia Hombolo mpaka Mpunguzi. Umoja wa Ulaya waliinyima kibali Desemba 2020 kwa sababu kadhaa, zikiwemo hizi mbili: sumu kwa uzazi, na kuvuruga homoni. Kwetu inapimwa dukani kama sukari. Mtaani wanasema ndiyo inayomaliza mbegu za wanaume, inayootesha uvimbe kwenye vizazi vya akina mama na kuleta saratani. Naomba waje wenye kemia, wenye hasira wasubiri. Nini kimethibitika, kwa kiasi gani, na mpiga bomba abadili nini? Maana dawa hii inamaliza ubwiri unyoya na ubwiri unga kwa mpigo, ukiitoa unaweka nini?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimekaa na karanga zangu za kuchemsha. Tuendelee.

#3 Kemia_AreaC
Mkuu nianze kwa kukurekebisha. Mankozebu haiugusi ubwiri unga. Ubwiri unga dawa yake ni salfa. Mankozebu au kopa (dawa ya shaba) ni za ubwiri unyoya, ule wenye madoa ya mafuta juu ya jani na manyoya meupe chini yake. Anayepulizia mankozebu kwenye ubwiri unga anamwaga pesa na kujipaka dawa bure.

Pili, mankozebu yenyewe siyo inayotisha zaidi. Ikioza inatoa ethilinithiorea, kwa kifupi ETU. ETU inazuia kimeng'enya cha tezi ya shingo (thairodi) kinachofunga madini joto kwenye homoni. T4 (homoni kuu ya tezi hiyo) ikishuka, ubongo unaongeza TSH (homoni ya kuiamuru tezi), tezi inachapwa ifanye kazi zaidi, inavimba. Kwa hiyo homoni inayoguswa hapa kwanza ni ya shingoni. Watu wakisikia neno homoni wanakimbilia chumbani.

ETU inazaliwa ndani ya mwili baada ya mankozebu kuingia, lakini pia kwenye pakiti iliyofunguliwa ikanyonya unyevu, na kwenye bomba lililolala na dawa. Ndani ya maji mankozebu inapungua nusu kabla ya siku mbili kwisha. Ile tabia ya kubakiza lita tano za kesho ni kujitengenezea ETU: ukungu haufi na wewe unapata kilicho kibaya zaidi. Jikoni nako, masalia kwenye tunda yakichemshwa, mfano jamu, sehemu yake inageuka ETU.

#4 MpigaBomba
Hapo kwa bomba kulala umenena. Kibandiko cha ile ya asilimia 80 kinasema gramu 2 hadi 2.5 kwa lita. Bomba la lita 20 ni gramu 50 basi. Sasa nenda shambani: vijiko vinne vya chakula vilivyojaa, na kimoja cha kuongezea "ishike". Kijiko cha kilima hakina uzito mmoja. Mzani mdogo wa duka la viungo unatosha, au omba muuzaji akupimie vipakiti vya gramu 50.

Hesabu ya ekari moja yenye majani mengi: mabomba 15, gramu 750 za unga, ambazo ni gramu 600 za mankozebu halisi. Mvua ikikazana unarudia kila siku 7 hadi 10. Mara nane ni kilo 4.8 kwa ekari kwa msimu mmoja. Na zile zilizochanganywa na metalaksili (dawa nyingine ya ukungu), asilimia 64 kwa 8, nazo ni mankozebu. Mtu anabadilisha jina la pakiti akidhani amebadilisha dawa.

#5 Takwimu_Mwalimu
Kabla hamjaenda mbali. Saratani ya tezi kwa panya waliolishwa ETU ipo, haina ubishi. Lakini IARC, taasisi ya saratani ya WHO iliyoko Lyon, mwaka 2001 iliiweka ETU kundi la 3, maana yake ushahidi hautoshi kuiainisha kwa binadamu. Panya anapata uvimbe kwa njia ya TSH kupanda muda mrefu, na T4 ya panya inaisha mwilini kwa siku moja hivi, yetu inakaa karibu wiki. Mfumo wake unayumba upesi kuliko wetu. Kwa hiyo "panya kaugua, basi na mkulima" haiendi moja kwa moja.

#6 Kemia_AreaC
@Takwimu_Mwalimu sikatai. Ila kuna wapiga bomba wa mgongoni wa Mexico waliopimwa damu, ikachapishwa 1997. TSH ilikuwa juu kidogo kwa waliogusana na ETU, T4 haikushuka. Yaani tezi ilikuwa inasukumwa lakini bado inamudu. Swali ni nini kinatokea kwa asiyemudu, mfano mjamzito mwenye upungufu wa madini joto. Miezi ya mwanzo mtoto tumboni anaishi kwa T4 ya mama, tezi yake inakuja kujitosheleza karibu nusu ya ujauzito. Costa Rica wamepima ETU kwenye mkojo wa wajawazito wanaoishi karibu na mashamba ya migomba yanayopuliziwa kwa ndege, wakaikuta juu kuliko wanaoishi mbali. Huku kwetu nani anafunga matawi na kuchambua vichala? Wanawake, wengine wakiwa na mimba, asubuhi ya pili baada ya bomba.

#7 Nesi_wa_Zamu
Kwa mjamzito mahitaji ni mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Chumvi iliyowekwa madini joto inatosha ikiwa imefungwa. Ikiwekwa wazi kwenye kopo karibu na jiko, au ikarowa, madini yanapotea. Iwekwe kwenye mboga mwishoni, siyo maji yanapoanza kuchemka. Chumvi ya mawe ya kupima kwa kisado mara nyingi haina kitu.

#8 Mgogo_wa_Mpwapwa
Mnaikamata mankozebu kwa sababu ni ngeni. Uwele mnauacha. Ugali wa uwele una viasili fulani kwenye pumba vinavyozuia kimeng'enya kilekile cha tezi alichokitaja Kemia. Hilo lilitafitiwa Darfur, Sudan, ambako wanakula uwele kama sisi na rovu zimejaa. Muhogo mchungu nao unaacha thayosayaneti mwilini, inayozuia madini joto yasiingie kwenye tezi. Haya, mwanamke wa Chilonwa ana shingo imevimba. Anakula uwele, chumvi ya mawe, mumewe anapiga mankozebu. Nani mshitakiwa?

#9 Siti_ya_Mbele
Mume.

#10 Maji_na_Chumvi
Ongeza na maji kwenye orodha ya @Mgogo_wa_Mpwapwa. Visima vya mjini vilivyobanana na vyoo vya shimo vinakuwa na naitreti. Kikomo cha WHO ni miligramu 50 kwa lita, kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga, lakini naitreti nayo inagombania mlango uleule wa madini joto. Kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza kwa sababu maji yanapungua. Ladha ya chumvi ya maji yetu haikwambii kitu kuhusu naitreti. Lazima sampuli: chupa safi, uisuuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, ujaze, uiweke kwenye baridi, maabara ndani ya saa 24.

#11 MzabibuHombolo
Asanteni. Nimekubali kuhusu ubwiri unga. Lakini uzi unaenda shingoni, mimi niliuliza na mbegu za kiume na saratani.

#12 Kijana_wa_Nkuhungu
Mbegu zimekwisha mkuu. Wazungu wamesema zimepungua nusu. Plastiki hiyo. Wali unafunikwa na nailoni, chipsi ya moto kwenye mfuko, maji ya chupa yamelala juani Jamatini kutwa nzima. BPA tupu, ile kemikali ya plastiki inayoiga homoni ya kike.

#13 Plastiki_Namba
Kijana umechanganya mafaili. BPA iko kwenye polikaboneti, plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na kwenye utando wa ndani wa makopo. Geuza kitu uone pembetatu. Namba 1 ni PET, chupa ya maji. Haina BPA. Ikikaa juani inaachia antimoni kidogo na harufu ya plastiki. Namba 2 ndiyo dumu. Namba 4 ndiyo nailoni laini ya kufunikia wali. Namba 7 ni "nyinginezo", humo ndimo polikaboneti imo, mfano baadhi ya madumu ya lita 20 ya kugeuzia kichwa chini. Baadhi, kwa sababu mengine ni PET.

Nailoni ya wali: Dodoma tuko juu ya bahari mita zaidi ya 1,100, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nailoni ya namba 4 inayeyuka karibu na 110. Mvuke unailegeza tu, hauiyeyushi. Inayeyuka pale inapogusa ukingo wa sufuria wenye makaa juu ya mfuniko. Lile tone jeusi kwenye ukoko ndilo hilo. Ninaloogopa mimi ni mfuko wenye rangi, mweusi au wa bluu, uliotokana na plastiki iliyorudishwa kiwandani. Hujui ilikuwa nini kabla. Jani la mgomba au sahani ya bati inafanya kazi ileile.

BPA unayoishika kila siku ni risiti. Karatasi ya mashine ya EFD inaandika kwa joto, na unga unaoleta weusi ule ni BPA au ndugu yake BPS, na haujafungwa kwenye karatasi, unatoka na vidole. Ulaya tangu Januari 2020 BPA haitakiwi kuzidi asilimia 0.02 ya uzito wa karatasi. Utafiti wa Marekani wa 2014 ulionyesha aliyepaka kitakasa mikono kisha akashika risiti anafyonza nyingi zaidi, kwa sababu kitakasa kinafungua ngozi.

#14 Siti_ya_Mbele
Kwa hiyo ukinunua dai risiti, lakini uishike kwa koleo.

#15 Plastiki_Namba
Mteja hana shida. Ni keshia anayekata mia tatu kwa siku na kula andazi katikati. Anawe kwa sabuni kabla ya kula, asipake kitakasa kabla ya kushika karatasi, na zile risiti zilizokosewa asizifungie vitumbua.

#16 Maabara_Mezani
Sasa mbegu. Hiyo "nusu" ni makala ya 2017 iliyokusanya tafiti 185: kutoka milioni 99 kwa mililita mwaka 1973 hadi 47 mwaka 2011, kwa wanaume wa Amerika ya Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand. Kwa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini tafiti zilikuwa chache, na mteremko haukuonekana kwa uhakika. Mwaka 2022 wakaongeza data, mteremko ukaonekana na huku. Lakini kusanyiko la namna hii linabeba makosa ya maabara zote zilizomo.

Makosa hayo yanaanzia hata kabla ya darubini. Mwanaume akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga: pungufu ya hapo idadi inashuka, zaidi ya hapo mwendo unashuka. Kondomu ya dukani hairuhusiwi, sabuni wala mate pia. Sampuli ifike ndani ya nusu saa, ikichelewa sana dakika 50, ikiwa kwenye joto la 20 hadi 37. Ukiileta na bodaboda saa saba mchana ikiwa mfuko wa nje wa begi, umeichemsha. Iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili. Maabara inasubiri iyeyuke, dakika 30 mpaka 60, inachanganya vizuri, na inahesabu mbegu angalau 200, mara mbili, majibu yalinganishwe. Sehemu nyingi wanaangalia tone moja na kuandika "chache". Hiyo siyo hesabu.

Kikomo cha chini cha WHO cha 2021 ni milioni 16 kwa mililita, au milioni 39 kwa mshindo wote, zinazotembea asilimia 42. Aliye chini ya hapo anarudia kipimo. Na aulizwe homa: mbegu inatengenezwa kwa siku 74 hivi, bado haijasafiri kutoka. Malaria kali ya Machi inaonekana kwenye kipimo cha Mei. Plastiki inasingiziwa.

#17 Nesi_wa_Zamu
Na kabla ya kumpeleka baba maabara, mirija ya mama iangaliwe. WHO walipolinganisha nchi miaka ya 1980, huku kusini mwa Sahara ndiko mirija iliyoziba kwa maambukizi iliongoza. Kisonono na klamidia visivyotibiwa, na maambukizi baada ya kuzaa au mimba kuharibika. Hakuna mankozebu hapo. Upande wa baba, mshipa wa korodani uliovimba ndio unaokutwa mara nyingi na unarekebishika kwa upasuaji mdogo. Uzi huu ukisomwa na mtu anayetafuta mtoto, ataacha zabibu na kubaki na klamidia yake.

#18 Mzee_wa_Historia
Vijana, mnapingana kwa sababu hamjaangalia UMRI wa kuguswa na kemikali. Somo liko kwenye dawa ya DES. Estrojeni (homoni ya kike) ya kutengenezwa, Charles Dodds wa London aliitangaza 1938. Wakawapa wajawazito kuzuia mimba zisiharibike. Mwaka 1953 jaribio la Chicago likaonyesha haizuii chochote. Wakaendelea kuitoa miaka 18 zaidi. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake Boston wakaandika juu ya wasichana wanane wenye saratani ya uke ya aina isiyoonekana kwa umri ule. Mama wa saba kati yao walikuwa wamepewa DES. Mama aliyemeza hakupata ile saratani. Aliyekuwa tumboni ndiye. Na Dodds huyohuyo ndiye aliyeipima BPA kama estrojeni, kabla haijawa plastiki.

DDT, dawa ya kuua wadudu, vilevile. Tafiti za miaka ya 1990 zilipima damu ya wanawake watu wazima, nyingine zikakuta uhusiano na saratani ya matiti, nyingine hazikukuta. Kisha 2007 Barbara Cohn akatumia damu iliyohifadhiwa California tangu 1959 hadi 1967. Waliokuwa chini ya miaka 14 DDT ilipoanza kumwagwa mwaka 1945, wenye kiwango cha juu walikuwa na hatari mara tano. Waliokuwa wakubwa kuliko hapo, hakuna. Dawa ileile.

#19 Takwimu_Mwalimu
Shikamoo mzee. Hilo la umri ni kweli, ila lina mtego: ukikosa uhusiano kwa wakubwa unasema "dirisha lilipita", ukikosa kwa watoto unasema "subiri wakue". Nadharia isiyoshindwa inatia shaka. Na kipimo kina kasoro. DDT inakaa mwilini miaka, damu moja inatosha. BPA inatoka kwenye mkojo siku hiyohiyo. Mkojo mmoja wa Jumanne unakwambia alichokula Jumanne, halafu mtu anaufunga na saratani iliyochukua miaka 20.

Kuhusu saratani ya matiti kuongezeka mjini, kuna hesabu kubwa ya 2002: kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha hatari kwa asilimia 4.3, na kila uzazi kwa asilimia 7. Mama wa watoto saba walionyonya miaka miwili kila mmoja, linganisha na binti yake mwenye wawili. Tofauti hiyo peke yake inaleta ongezeko bila kemikali yoyote. Na saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Chanzo ni kirusi cha HPV. Chanjo ipo nchi nzima tangu 2018.

#20 Mama_Saluni_Majengo
Mmezunguka zabibu na risiti, dawa ya nywele hamjaigusa. Huo uvimbe wa kizazi aliousema mwenye uzi, utafiti wa wanawake weusi wa Marekani wa 2012 uliukuta zaidi kwa wanaonyoosha nywele kwa dawa. Mwaka 2022 ukaja mwingine, wanawake zaidi ya 33,000 wakafuatiliwa karibu miaka 11. Wasiotumia, saratani ya mfuko wa uzazi kufikia miaka 70 ilikuwa asilimia 1.64. Waliotumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, 4.05.

Namna inavyoingia ni kichwa kilichoungua. Mteja kakuna kichwa asubuhi, au kafumua rasta jana, ngozi ina vidonda, dawa inawekwa hapohapo. Alkali inafungua ngozi na manukato yenye thaleti (kemikali nyingine inayoshukiwa kuvuruga homoni) yanafuata. Kanuni za kazi: asioshe wala kukuna siku mbili kabla, mafuta mazito kwenye ngozi na ukingo wa nywele, dawa ianzie kwenye nywele zilizoota tu, saa mkononi, akisema inawasha unaosha, usimwambie "vumilia ikolee". Kurudia kabla ya wiki nane ni tamaa. Na fundi avae glavu, yeye anashika vichwa kumi kwa siku.

#21 Takwimu_Mwalimu
Dada, 1.64 hadi 4.05 ni uhusiano, na wanaonyoosha nywele sana wanatofautiana na wengine kwa mengi. Ila nakubali, kati ya yote yaliyotajwa hapa ni rahisi kuliko yote kuacha.

#22 Mama_Saluni_Majengo
Rahisi kwako mwenye kipara.

#23 Kijana_wa_Nkuhungu
Sawa nimepigwa. Ila kuku wa kisasa hamtaniambia. Wiki tano kilo mbili, ile ni homoni.

#24 Kibaigwa_Sokoni
Siyo homoni, ni uzao na chakula. Homoni ya ukuaji ni protini, ukiiweka kwenye pumba inameng'enywa tumboni kama maharage. Ungepaswa kumchoma sindano kila kuku kila siku. Nani ana muda huo na kuku 500? Cha kuogopa kwa kuku ni antibayotiki isiyosubiriwa siku zake.

Lakini umenikumbusha. Homoni kwenye chakula IPO, na wala haikutengenezwa na mtu. Kuvu wa fusariamu kwenye mahindi anatoa zearalenoni, inayokaa kwenye kitasa cha estrojeni kama ufunguo wa kuchongesha. Wafuga nguruwe wanaijua bila kujua jina: jike mdogo ambaye hajafikia umri anavimba nyuma kama yuko kwenye joto, na dume hamtaki. Kwenye chakula cha nguruwe miligramu moja kwa kilo inatosha kuleta hivyo. Kuvu huyo anapenda ubaridi na unyevu mahindi yakiwa bado shambani, kwa hiyo mzigo wa nyanda za juu unaoshuka Kibaigwa unanitia shaka kuliko wa Kongwa yenyewe. Wa kwetu wa ukame tatizo lake ni sumukuvu ile nyingine, aflatoksini, iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Hiyo ni ya ini, siyo ya homoni.

Kukausha kunazuia aflatoksini isiongezeke ghalani. Zearalenoni imeshaingia, haikauki. Ondoa punje zilizovunjika, zenye rangi ya waridi na nyepesi zinazoelea, kisha koboa: sehemu kubwa iko kwenye ganda. Ila pumba hizo msimpe nguruwe jike. Kupima unyevu bila mashine: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi robo, tikisa dakika mbili. Chumvi ikigandia kwenye chupa, unyevu umezidi asilimia 15, anika tena. Lenga 13.

#25 Mgogo_wa_Mpwapwa
Kwa hiyo dona hatari, sembe salama? Wataalamu wa lishe wakikusikia!

#26 Kibaigwa_Sokoni
Dona ya mahindi uliyochambua mwenyewe. Ya kununua imesagwa na kila kitu.

#27 MpigaBomba
Turudi shambani, mwenye uzi anasubiri. Dozi kubwa ya mankozebu haiko kwenye kula zabibu, iko kwenye dakika tano za kuchanganya. Unga unaruka. Fungua pakiti upepo ukiwa mgongoni, koroga kwanza kwenye ndoo na maji kidogo mpaka iwe kama uji, kwa kijiti, ndipo umimine bombani. Glavu za mpira wa naitrili. Za kitambaa zikilowa ni mbaya kuliko mkono mtupu, zinakufungia dawa kwenye ngozi saa nne nzima. Bomba linalovuja mgongoni ni lilelile, badilisha oringi ya mfuniko kabla ya msimu.

Piga asubuhi. Upepo wa Dodoma wa mchana haupigi zabibu, unakupiga wewe. Mizabibu iliyopandishwa kwenye waya inakufanya unyanyue nozeli juu ya kichwa, basi tembea kinyumenyume ukiliacha wingu mbele yako. Baada ya hapo mtu asiingie kufunga matawi mpaka saa 24 zipite, na mjamzito apewe kazi nyingine msimu mzima. Nguo zifuliwe peke yake. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna soma kibandiko chako. Marekani kwa zabibu wanaweka 66, nyingi kuliko watu wanavyodhani.

#28 Kemia_AreaC
Naunga mkono. Na alivyouliza "ukiitoa unaweka nini": kopa kwa ubwiri unyoya, salfa kwa ubwiri unga. Salfa joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani, kwa hiyo kwetu ni alfajiri au jioni. Isipulizwe karibu na kuvuna zabibu za mvinyo, inaleta harufu ya yai viza kwenye pipa. Zao la kiangazi linahitaji mabomba machache. Anayekata matawi Machi, akavuna Agosti na Septemba, anaweza kukwepa mankozebu karibu yote. Anayetaka na zao la mvua ndiye anayeila.

#29 Takwimu_Mwalimu
Kopa siyo maji matakatifu. Haiozi. Ulaya wameiwekea kilo 28 kwa hekta kwa miaka saba, kwa sababu inalundikana kwenye udongo. Mnatoka kwenye kitu kinachooza kwenda kwenye kitu kisichoondoka.

#30 Mbuzi_Mvumi
Naomba kuuliza wenye uzi. Majani ya mzabibu yaliyokatwa tunawapa mifugo. Mbuzi mwenye maziwa akila yaliyopigwa mankozebu, mtoto anayekunywa maziwa yuko wapi kwenye hizi hesabu zenu za tezi?

#31 Kemia_AreaC
Vibandiko vingi vinakataza kulisha majani yaliyopuliziwa. Kama huna budi, yale ya mwisho wa kiangazi ambayo hayajaguswa miezi. Ya msimu wa mvua zika au lundika yaoze.

#32 Kibaigwa_Sokoni
Na mkihamia kopa angalieni kondoo. Mbuzi anaivumilia, kondoo hapana, inajaa kwenye ini kimyakimya halafu siku moja anakojoa mwekundu na kufa. Msichanganye zizi kwenye majani hayo.

#33 MzabibuHombolo
Majani ya kukata yako magunia manne nyuma ya ghala. Bomba la mwisho la mankozebu wiki tatu zilizopita, mvua imepita mara mbili juu yake. Mbuzi tu, kondoo hakuna. Niwape?

#34 MpigaBomba
Mvua mbili zimeosha ya juu. Mpe dume, wenye maziwa waache.

#35 Kemia_AreaC
Usimpe yeyote. Gunia lililofungwa na majani mabichi limepata joto na unyevu, ndiyo mazingira ya ETU niliyosema bandiko namba 3. Fungua moja ulinuse kwanza.